Mifupa ya Yusufu Yachelewa Gongoni

Kwanza kabisa, hakuna maiti aliyefufuka Malindi. Nimesikia yanayosemwa kisimani, na aliyeyaanzisha namjua, na Jumapili nitamkalisha karibu yangu asikie vizuri. Hakukuwa na maiti. Kulikuwa na sanduku, ndani ya sanduku makumbi ya nazi, na juu ya makumbi kitu kingine nitakachokitaja wakati wake ukifika. Mmeniuliza mmoja mmoja tangu nirudi, nami nimechoka kutoa kipande huku na kipande kule. Haya, kaeni. Mwenye swali alimeze mpaka nifike Gongoni.

Takaungu: sanduku lenyewe

Mpango mnaujua, lakini wapo waliokuwa wamesafiri, kwa hiyo narudia. Mchungaji wetu alichoka kutuona tunasimulia Biblia vipande vipande, leo Nuhu, kesho Danieli, kama watu wasiojuana. Akasema vitabu vile ni majirani, kila kimoja kimeshikana mkono na kinachofuata. Akagawa. Sisi wa Takaungu tusimulie Mwanzo siku ya Ijumaa. Wa Gongoni wasimulie Kutoka Jumamosi. Wa Magarini wafunge na Yoshua Jumapili. Vile vitatu vya katikati, vyenye sheria na hesabu za watu, walipewa wa Mambrui, wakasema watavisoma kimya kimya majumbani kwao.

Cha kuviunganisha vyote akamchagua Yusufu. Mwanzo unaisha Yusufu amewaapisha ndugu zake wasimwache Misri, kisha anakufa, anatiwa sandukuni, na kitabu kinafungwa sanduku likiwa pale pale. Kwenye Kutoka, Musa anaondoka na ile mifupa. Kwenye Yoshua, mwisho kabisa, ndipo inazikwa. Basi mchungaji akatoa amri: sanduku litakuwa moja, la kweli, na msimulizi wa kitabu atalipeleka mwenyewe kwa msimulizi anayefuata. Lisipofika, huyo wa pili hana ruhusa ya kuwatoa Waisraeli Misri.

Msimulizi wa Mwanzo ni mimi, Kadzo. Msimulizi wa Kutoka ni Dama wa Gongoni. Wengi wenu mnamjua Dama kwa jina tu, maana hajakanyaga hapa miaka sita. Ni mdogo wangu, tumbo moja, na miaka yote hiyo hatujasemezana. Mama yetu alipofariki, Dama alikuwa njiani anatoka Gongoni, na mimi ndiye niliyesema tusimngoje. Alifika saa kumi na moja jioni, watu wanasawazisha udongo. Akaniangalia. Akasema, "Hukunisubiri," akageuka na mkoba wake begani, akaenda zake. Sasa mchungaji, ambaye wakati ule hakuwapo, ananituma kwa Dama huyo huyo, nifike saa nane mchana kamili. Jamani, mimi ningekubali kuchelewa mbele ya Farao mwenyewe, lakini si mbele ya Dama.

Sanduku alilitengeneza Fundi Charo. Nilimwagiza sanduku dogo, la kubeba kwapani. Charo tangu nimjue hutengeneza vitu viwili, milango na majeneza, na hili halikuwa mlango. Likaja refu kuliko mimi, lina vishikio sita. Nilipogomba akanijibu kwamba Yusufu alikuwa mkubwa serikalini, hazikwi kwenye kasha la vitunguu. Nikamlipa. Nikalijaza makumbi lisisikike tupu, na juu yake nikaweka papa mkavu mmoja, mkubwa, niliyemnunua mwenyewe pwani. Msiniulize alikuwa wa nani. Nilimweka tu.

Tuktuk ya kwanza ilituona ikageuza. Dereva wa pili alikubali, kwa sharti sanduku liingie kwa kukingama, nusu itokeze kulia na nusu kushoto, mimi katikati nimelikumbatia. Tulipotokea barabarani ndipo nilipoanza kuona ajabu. Wanaume wanavua kofia. Wa pikipiki wanaingia vichakani kutupisha. Mzee mmoja alishuka kwenye baiskeli, akasimama wima mpaka tukapita. Kila nikitoa kichwa nieleze kwamba ni makumbi, dereva ananiambia, "Mama, we itikia pole, twende."

Kilifi: maswali ya mama mmoja

Nilifika Kilifi saa mbili asubuhi, nina nafasi tele. Nikaweka sanduku kwenye kivuli, nikanunua mahamri manne na mbaazi, nikakaa juu ya sanduku nile. Hapo nilikosea. Mama mmoja aliyekuwa anangoja gari alinijia polepole, kanga ameitupa mabegani, akanishika mikono yote miwili na hamri likiwa ndani.

"Pole sana, dada yangu. Ni nani?"

Mnanijua. Nimefundisha watoto wa Jumapili miaka ishirini, siwezi kusema uongo nikiwa nimebeba mambo ya kanisa. Nikamwambia, "Ni Yusufu."

"Aliugua sana?"

"Hapana, ni uzee. Alikuwa na miaka mia na kumi."

"Lo, alikula chumvi huyo. Alifia hapa hospitali?"

"Alifia Misri."

Akakaa chini kabisa. "Misri. Na mkaona mumlete mpaka huku."

"Aliwaapisha watu wasimwache kule."

Nilidhani hapo angeelewa. Badala yake machozi yalimtoka. Akasema siku hizi watoto hawatimizi hata wosia wa shamba, na mimi mwanamke peke yangu natoka na mtu Misri. Akaniuliza kama ameacha watoto. Nikasema wawili, Manase na Efraimu. Akauliza mbona hawapo. Nikasema wametawanyika, wamekuwa makabila. Akatikisa kichwa, akasema ndivyo walivyo. Kisha akala hamri langu moja, kwa majonzi, na akaamua kunisindikiza.

Tulipata pikapu iliyokuwa inapeleka kuku Malindi. Dereva wake, Kombo, nilimkalisha nikamweleza yote kabla hatujapakia: mchungaji, vitabu, makumbi. Alinisikiliza vizuri sana. Alipomaliza kunisikiliza akawasha taa zote za gari, akaanza kwenda mwendo wa harusi.

"Bwana Kombo, nina saa nane Gongoni."

"Mama, maiti haharakishwi barabarani."

"Si nimekwambia ni makumbi?"

"Mimi nimeona jeneza. Ya ndani ni yako."

Magari ya nyuma nayo hayakutupita, maana nani anapita msiba? Tukawa na mkia wa magari ishirini, yote yamewasha taa, kuku wanapiga kelele mbele. Tulipofika Matsangoni yule mama akaomba tusimame dakika moja atue mzigo nyumbani kwake. Akarudi na wifi zake wanne. Wakaimba nyimbo tatu kando ya barabara, wakiwa na sauti nzuri, siwezi kuwanyima haki yao, na wenye magari wakashuka kusikiliza. Wifi mkubwa akaweka mkono juu ya sanduku, akavuta pumzi, akamnong'oneza Kombo, "Huyu amekaa siku nyingi." Alikuwa papa wangu, anapata jua. Kombo akasema, "Ametoka Misri." Nikaacha kubishana na watu. Kilifi mpaka Malindi tulitumia saa nne na nusu.

Malindi: msiba wangu unakimbia

Kombo aliniteremsha karibu na msikiti, yeye anakata kwenda sokoni; yule mama na wifi zake walikuwa wamebaki Matsangoni. Jua lilikuwa kali. Nikaogopa papa asije akanuka zaidi, nikatoa kile kitambaa cha kijani cha meza ya kanisa, nikalifunika sanduku. Nikavuka barabara kununua maji na viazi vya karai na kuuliza gari la Gongoni. Muda huo huo watu walikuwa wanatoka kuswali adhuhuri.

Sasa, tuliokua na majirani Waislamu tunalijua jambo hili. Mwanamume akiona jeneza haulizi ni la nani. Anatia bega, anapiga hatua kadhaa, anampokeza mwenzake, anapata thawabu zake. Na jeneza lililofunikwa kijani, mlangoni pa msikiti, baada ya swala, lilikuwa linamngoja nani? Nilipogeuka na viazi vyangu mkononi, Yusufu alikuwa mabegani mwa watu wanne. Nikahesabu tena wakawa kumi. Na wao si kina Kombo, wao maiti wanamharakisha. Wakashika njia ya makaburini.

Nikakimbia. Mimi, kwa magoti haya. "Simameni, hilo ni langu."

Mmoja akageuka, kwa upole kabisa. "Sote ni wa Mwenyezi Mungu, mama. Subira."

"Jamani, nirudishieni."

"Mama, rudi nyumbani. Wanawake hawafuati mazishi."

Nikawa nasikia walio mbele wanaambiana, "Huyu kacheleweshwa, harufu imeanza, kazeni." Wakakaza. Kumbe yule papa ndiye aliyekuwa anawapa mbio. Kila kona wanaongezeka, wenye maduka wanaacha maduka, na mimi nyuma na viazi vyangu, achari inanichuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Nilipofika lango la makaburi nilikuta wamesimama. Sanduku liko chini. Watu zaidi ya hamsini wamelizunguka na hakuna kaburi lililochimbwa. Kila mmoja alidhani jirani yake ndiye mwenye msiba. Aliyekuwa anauliza ni Bwana Twalibu, fundi cherehani, bado ana utepe wake wa kupimia shingoni.

"Nani mwenye maiti hapa?"

Nikasema kutoka langoni, "Ni mimi."

"Marehemu ni nani?"

"Yusufu."

"Bin nani?"

"Bin Yakobo."

"Wa hapa mtaani Shela?"

"Wa Kanaani."

Bwana Twalibu akafumba macho kidogo. "Mama. Nabii Yusuf, alayhi salaam?"

"Huyo huyo."

"Na tumemkimbiza jua lote hili."

Ikabidi lifunguliwe. Wakayaona makumbi, wakamwona papa amelala juu amenyoosha mkia. Mtu wa kwanza kucheka alijificha na kofia yake, wa pili hakuweza, halafu ikawa haizuiliki tena. Bwana Twalibu peke yake hakucheka. Aliniambia, "Hukusema." Nikamwambia nimesema tangu msikitini. Akasema, "Ulisema 'langu'. Kila mfiwa husema langu."

Nikamweleza habari ya vitabu na sanduku. Hapo akavutiwa, akasahau kukasirika, akaniuliza swali ambalo miaka ishirini hakuna mtoto wa Jumapili aliyeniuliza. "Kitabu chako kinaishia sandukuni. Hicho kingine kinapoanza, umepita umri wa watu wengi, na Farao aliyepo hata jina la Yusuf halijui. Sasa Musa alionyeshwa na nani lilipo?"

Nikasema kitabu hakisemi, kinaruka tu.

"Marehemu bibi yangu alikuwa akitusimulia kwamba alikuwapo ajuza mmoja. Wote wamesahau, yeye peke yake anajua. Ajuza yule angenyamaza, Musa angeondoka mikono mitupu."

Nilikereka, nawaambia kweli. Nilikuja Malindi kutafuta gari, sikuja kusomeshwa, na lile neno angenyamaza sikulipenda hata kidogo. Lakini watu wale waungwana. Walisema wameshambeba, hawawezi kumtupa njiani. Wakalirudisha sanduku barabarani polepole, wanacheka, wakasimamisha lori la chumvi lililokuwa linarudi Gongoni tupu, wakanipakia. Bwana Twalibu akakikunja kile kitambaa cha kijani akanipa mkononi, akasema safari hii nikikalie. Ilikuwa saa tisa na robo.

Sabaki: tairi

Kutoka hapo nilikuwa nimekaa nyuma ya lori peke yangu, midomo imejaa chumvi, nafanya hesabu ya saa. Dama alianza saa nane. Mapigo kumi ya Misri, ukiyavuta sana, ni saa nzima. Kwa hiyo ameshamaliza, Waisraeli wameshatoka bila mifupa, na Dama amesimama mbele ya Gongoni nzima anasema, mnaona, dada yangu ndivyo alivyo. Nilikuwa naisikia hata sauti yake.

Kabla ya daraja la Sabaki tairi likapasuka.

Dereva akashuka, akatukana kidogo, akatafuta jeki. Nami nikabaki juu na sanduku, na pale pahali napajua. Gari la Dama siku ya mazishi liliharibika hapo hapo, lilipokwisha tu kuvuka daraja. Niliambiwa wiki iliyofuata nikajifanya sikusikia, kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia kila mtu kwamba Dama ni mchelewaji wa kuzaliwa, hata harusi yake alichelewa, na hilo la harusi ni kweli.

Kuna lingine sijawahi kumwambia yeyote wenu. Asubuhi aliyofariki mama tulikuwa wawili tu chumbani. Aliniambia, "Dama akichelewa, mngojeni. Msinifukie kabla hajaniona." Nikamwitikia, nikamwambia ndiyo mama. Jioni wanaume wakaniuliza, je, tungoje? Nilikuwa nimechoka, nimelia tangu alfajiri, nina hasira na mtu wa kumwagia hasira hayupo. Nikasema zikeni. Hakuna mwingine aliyesikia yale maneno ya mama. Yangekufa na mimi.

Nimesimulia Ijumaa ile ndugu wanamwapia Yusufu, nimewatoa machozi wengine wenu, na mimi mwenyewe sikuona chochote. Ilibidi nifike Sabaki, na tairi.

Gongoni: pigo la ishirini na tatu

Tuliingia Gongoni saa kumi na moja jioni. Nilimsikia Dama kabla sijauona uwanja wa kanisa, kwa kipaza sauti, sauti imeparuza kama ya mnadi.

"Na hilo likawa pigo la ishirini na mbili, pikipiki zisizo na breki katika nchi yote ya Misri. Na moyo wa Farao ukawa mgumu."

Nikadhani nimechanganyikiwa na jua. Mapigo ni kumi, mnajua ni kumi. Mwanamke mmoja aliyekuwa pembeni akanieleza. Lile la kumi liliisha saa tisa, na Waisraeli, yaani akina mama wa Gongoni na mabunda yao kichwani, walikuwa tayari kutoka. Dama akakataa. Mifupa haijafika, hakuna anayetoka. Akaanza pigo la kumi na moja, kunguru. La kumi na mbili, maji ya bomba ya chumvi. Nyani shambani. Umeme wa kukatika. Wageni wanaokuja wakati wa chakula. Mzee wa kanisa akampelekea benchi lililofungwa leso, watumie hilo. Dama akamjibu kwenye kipaza sauti kwamba Musa hakuondoka na benchi. Kufikia saa hiyo Waisraeli walikuwa wamekaa juu ya mabunda yao na mmoja anachemsha chai. Farao, bwana mnene anayefanya kazi kwenye chumvi, alikuwa amekubali na kukataa mpaka sauti imemkauka, sasa anaonyesha kwa kidole tu.

"Pigo la ishirini na tatu," akasema Dama, akatuona.

Wanaume wawili walinisaidia kulishusha mbele yake. Akaliangalia sanduku, akaniangalia mimi, nywele zangu zina chumvi na mkono una achari. Amenenepa. Amefanana na mama mpaka nikaogopa.

"Umechelewa," akasema.

"Nimechelewa. Umenisubiri."

"Hatutoki bila mifupa. Ndivyo ilivyoandikwa." Kisha akanusa. "Mbona Yusufu ananuka papa?"

"Ni wako. Wa kupika na nazi."

Akarudisha macho kwenye sanduku. Nikaona nikinyamaza hapo, nitapelekwa nyumbani nikiwa nimenyamaza, na itakuwa miaka mingine sita. Nikamsogelea ili nimwambie kwa sauti ndogo, yeye peke yake. "Dama, mama alisema tukungoje. Aliniambia mimi, nikamwitikia. Siku ile wewe hukuwa na kosa. Kosa ni langu, na nimelificha."

Sikujua kile kipaza sauti alichokishika kifuani kilikuwa wazi. Maneno yangu yalikwenda mpaka kwenye mashamba ya chumvi. Uwanja mzima ukageuka kututazama, yule wa chai akaacha kupuliza moto, na Farao, bila kuulizwa na mtu, akapata sauti yake tena, akasema, "Basi nendeni. Nendeni tu."

Waisraeli wakainuka. Dama akaweka kipaza sauti chini, akafuta uso kwa ncha ya leso yake, mara mbili, akainama akashika kishikio cha upande wake. Nikashika cha kwangu. Tulipiga kama hatua kumi, akina mama nyuma yetu wanaimba, ndipo akaniambia neno la kwanza tangu asikie yale.

"Beba vizuri, dada. Unaniachia uzito wote."

Jumapili tulimzika Yusufu Magarini, na wa Yoshua walitungoja pia, kwa sababu asubuhi ile tulikuwa jikoni kwa Dama na papa hakuwa ameiva. Ndiyo sababu nimerudi Jumatano na siyo Jumatatu, na hicho kitambaa cha kijani kinafuliwa, msinisumbue. Jumamosi ijayo Dama anakuja, twende pamoja kaburini kwa mama. Nimemwambia saa tatu asubuhi. Namjua, atafika saa nane. Nimeshamwomba jirani kigoda, maana nitakaa pale tangu saa tatu.